Gari la Mwisho Limepita Lini? Safari ya Wawili kutoka Bagamoyo hadi Chitambo

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu mliostaafu na ninyi ambao bado mnavumilia vumbi la chaki, wazee wa mji wetu, vijana, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. Assalaam alaikum. Tumsifu Yesu Kristo.

Nimeombwa nizungumzie safari ambayo mimi na mume wangu, Baba Zaituni, tuliifanya Novemba mwaka juzi kwa gari letu wenyewe, tukitoka hapa Bagamoyo, tukapita Mbeya na Tunduma, tukaingia Zambia na kwenda hadi Chitambo, katika nchi ya Walala, kusini mwa Ziwa Bangweulu. Najua wengi mmekuja kusikia habari za matope. Matope yalikuwepo, nami nitayafikia kwa wakati wake. Lakini jambo nililokuja nalo mbele yenu ni moja, na huenda likaonekana dogo: namna ya kuuliza njia. Nilipoondoka nilidhani kuuliza njia ni kazi ya nusu dakika, kioo kikiwa kimeshushwa na injini ikiunguruma. Niliporudi nilikuwa nimeamini kwamba mtu anayepita vijijini kwa gari hupita kwa ridhaa ya wenyeji, hata pale ambapo hakuna kizuizi wala lango, na kwamba ridhaa hiyo hutegemea sana alivyosimama, alivyosalimia na alivyojieleza kabla ya kutaja shida yake.

Kwa nini Chitambo? Wenyeji wa mji huu hawahitaji kuelezwa habari za mnara wa kanisa la zamani pale kwa Mapadri wa Roho Mtakatifu. Februari 1874 ulilazwa humo mwili wa David Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi Mskoti, baada ya kubebwa kwa miguu kwa muda wa miezi tisa kutoka kijiji cha Chifu Chitambo, ambako alikutwa amefariki alfajiri ya tarehe 1 Mei 1873. Msafara huo uliongozwa na Abdullah Susi, mtu wa Shupanga kando ya Mto Zambezi, na James Chuma, Myao aliyekombolewa mikononi mwa wafanyabiashara wa watumwa mwaka 1861 akiwa bado mtoto. Kwa miaka ishirini na sita nimefundisha jiografia katika wilaya hii, na kila mwaka niliwapeleka wanafunzi wakaone mahali msafara ulipofikia. Mahali ulipoanzia sikuwahi kupaona. Nilipostaafu, Baba Zaituni, ambaye maisha yake yote amekuwa fundi wa injini za dizeli, aliniuliza nataka zawadi gani. Nikamwambia vitenge ninavyo vya kutosha. Ninachotaka ni kuuona mwanzo wa ile njia.

Naomba mnielewe vizuri hapa. Hatukuifuata njia ya Susi na Chuma. Wao waliyazunguka maji ya Bangweulu, wakapita Ufipa na Unyanyembe, kule Tabora, ndipo wakaikabili pwani. Sisi tulikwenda kwa barabara kuu, tukiwa na viti vya kukalia na chupa ya chai. Mwenye kulinganisha safari hizi mbili atakuwa anafanya mzaha.

Gari letu ni Land Cruiser ya zamani, la dizeli, ambalo Baba Zaituni amelifungua na kulifunga mara nyingi kiasi kwamba analijua kuliko anavyozijua nguo zake. Tulibeba spea tairi mbili, pampu, feni belti, mipira ya rejeta, madumu mawili ya dizeli ya lita ishirini, sepetu, na vipande viwili vya ubao mnene, kwa sababu jeki isiyo na ubao chini yake huzama matopeni badala ya kuinua gari. Tulibeba pia tyubu kuukuu zilizochanwa vipande virefu kama kamba. Nilicheka nilipomwona akizikunja, baadaye sikucheka. Kwa upande wa karatasi tulikuwa na pasipoti, kadi ya gari yenye jina la mmoja wetu, vyeti vya chanjo ya homa ya manjano, na ile bima inayoitwa Kadi ya Njano ya COMESA, jumuiya ya soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, ambayo hutolewa hapa kwetu ingawa Tanzania ilikwisha kujitoa katika jumuiya yenyewe. Tuligawana kazi kabla ya kutoka: yeye usukani na spana, mimi daftari na mdomo. Nasema haya akiwa ameketi hapo mstari wa mbele: Baba Zaituni hapendi kuuliza. Yuko tayari kwenda kilomita hamsini upande usiofaa kuliko kumwambia mtu kwamba amepotea.

Sehemu ya Bagamoyo hadi Tunduma nitaipita haraka, kama tulivyoipita wenyewe. Msata, Chalinze, Morogoro, mbuga ya Mikumi ambako mwendo wako unahesabiwa na twiga pia wanakuangalia, vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, malori yakihema katika mlima wa Kitonga, baridi ya Mafinga, Makambako, Uyole. Ni zaidi ya kilomita mia tisa. Nilipofungua daftari usiku ule tulipolala Tunduma niligundua kwamba katika siku mbili hizo nilikuwa nimezungumza na wauza mafuta, askari wa barabarani na mama ntilie mmoja wa Ilula, basi. Lami haimlazimishi mtu kumsalimia mtu. Vibao vimekwisha kumjibu kabla hajauliza.

Sisemi hivyo kuilaumu lami, na ninawaonea shaka wasafiri wanaoililia barabara ya vumbi huku wao wanaishi mjini. Mwenye umri kama wetu anakumbuka alivyosimuliwa njia hiyo ilivyokuwa. Serikali ya Ian Smith ilipojitangazia uhuru wake kule Rhodesia, Zimbabwe ya leo, tarehe 11 Novemba 1965, Zambia ilifungiwa mlango wake wa kusini, na mafuta yakaanza kusafirishwa kwa mapipa juu ya malori kutoka Dar es Salaam, katika udongo mtupu, mvua na jua. Madereva wa wakati huo waliifananisha njia hiyo na jehanamu, na wapo waliobaki humo. Baba mkwe wangu alikuwa taniboi wa lori mojawapo. Bomba la mafuta la TAZAMA, la kilomita 1,710, lilianza kazi mwaka 1968, reli ya TAZARA ya kilomita 1,860 ikakamilika mwaka 1975, na katikati ya hayo barabara nayo ikawekwa lami. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba njia ya zamani ilikuwa na utu zaidi, humpeleka kwa marehemu baba mkwe kwa fikra tu, nikajua angejibiwa nini.

Tunduma ni mji wa malori. Yamepangana foleni ndefu kuelekea kituo cha pamoja cha mpakani, ambako maofisa wa nchi zote mbili hukaa jengo moja ili msafiri asikaguliwe mara mbili. Tulitoka upande wa pili, Nakonde, na kurudisha saa nyuma kwa saa moja, kwa kuwa Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja. Hapo ndipo nilipofanya kosa langu la kwanza la ugeni. Kijana wa kubadilisha fedha aliniambia kwa Kiswahili kizuri kwamba ofisi ya bima hufunguliwa saa nane. Nikamwambia Baba Zaituni tukalale hadi mchana. Kumbe Nakonde wanazungumza Kiswahili chetu lakini saa wanahesabu kwa utaratibu wa Kizungu. Saa nane yake ilikuwa saa mbili yetu ya asubuhi.

Kadiri unavyoondoka mpakani Kiswahili hupungua. Ukifika Isoka unakutana nacho sokoni tu, na ukifika Chinsali uko katikati ya Wabemba. Mwalimu hachoki kuwa mwalimu: nilikuwa na orodha ya maneno, na furaha yangu kubwa ilikuwa kugundua ni mangapi niliyajua bila kufundishwa. Mti ni *umuti*, nyama ni *inama*, mtu ni *umuntu*, mbwa ni *imbwa*, kula ni *ukulya*. Kupita ni *ukupita* na kufika ni *ukufika*. Mtu mwenye kupita na kufika tayari mdomoni angeweza kudhani amekamilika. Lakini kuuliza ni *ukwipusha*, neno ambalo halifanani na letu hata kidogo, na hilo lilikuwa ndilo nililolihitaji zaidi.

Karibu na Chinsali kuna misheni ya zamani ya Lubwa, ambako Kenneth Kaunda alizaliwa mwaka 1924. Nilitaka kupaona. Si mbali na mji, na kwa sababu hiyo nililiona jambo jepesi. Nilishusha kioo, nikawauliza vijana waliokuwa wameketi chini ya mwembe, kwa Kiingereza, kama barabara ile inakwenda Lubwa. Wakasema ndiyo. Je, ni nzuri? Ndiyo. Ni karibu? Ndiyo. Baada ya nusu saa tulikuwa tumesimama mbele ya shamba la mihogo, njia imekwisha, na mwenye shamba ametukodolea macho akiwa na jembe mkononi. Baba Zaituni hakusema neno, na kunyamaza kwake huwa kuna maneno mengi.

Aliyetuokoa alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa akipita na baiskeli, mtu aliyewahi kufundisha Nakonde na kukiweza Kiswahili. Alipokwisha kutuelekeza alisita, kisha akaniambia kwa adabu sana, "Mama, samahani. Mkiuliza gari likiunguruma, watu wanawajibu upesi ili muondoke. Zimeni gari, shukeni, msalimie. Mkishaulizwa mmetoka wapi, ndipo muulize mnakokwenda." Nilijisikia kama mwanafunzi aliyesimamishwa mbele ya darasa. Huko kwetu ningemfundisha mtoto yeyote jambo hilo hilo: huwezi kuingia uani mwa watu na kuomba chumvi kabla ya kubisha hodi. Sijui kwa nini nilidhani gari linaniondolea wajibu wa hodi.

Kuanzia siku hiyo tulibadilika. Baba Zaituni alizima injini, nami nikashuka, nikapiga magoti kidogo na kugonganisha viganja kama nilivyoona wanawake wa Kibemba wakifanya mbele ya wakubwa, nikasema *mwapoleni mukwai*. Hilo *mukwai* ni neno la heshima, na lilifungua nyuso za watu kuliko Kiingereza changu chote. Kusimama namna hiyo huchukua dakika kumi na tano, wakati mwingine ishirini. Yupo atakayeona ni muda uliopotea. Naomba anihesabie pia muda tulioupoteza kule kwenye mihogo.

Jambo la pili tulilojifunza ni kwamba swali lenyewe lazima lijengwe vizuri. Ukiuliza kama ni mbali, utajibiwa "hapo tu", kwa sababu mtu muungwana hapendi kumvunja moyo msafiri. Hata huku kwetu "hapo tu" inaweza kuwa Kiwangwa, mwendo mrefu kutoka hapa. Ukiuliza kama barabara ni nzuri, utajibiwa ni nzuri, kwani anayekujibu anaipita kila siku kwa miguu na haina kasoro kwake. Muulize mchoma mkaa mwenye magunia matatu nyuma ya baiskeli, ambaye hutoka nyumbani usiku ili awahi mjini: ukitoka na mzigo jogoo wakiwika, unafika jua likiwa wapi? Yeye atanyoosha mkono angani na kukuonyesha, na hatakosea. Na mahali popote penye udongo na mvua, uliza hivi: gari la mwisho limepita lini, na lilikuwa gari gani? Jibu la "jana, pikapu ya mwalimu mkuu" lina thamani kuliko ramani zote zilizomo ndani ya simu, kwa sababu ramani haijui kwamba mto umejaa juzi.

Swali hilo ndilo lililotupatia fundi pia. Kati ya Chinsali na Mpika kuna vipande vya barabara vilivyotengenezwa vikapendeza na vipande vyenye mashimo ambayo dereva huyaona akiwa ameshafika. Tulitumbukia katika moja la hayo, ukasikika mlio kama wa sufuria iliyodondoka, na gari likainama upande wa kushoto nyuma. Jani moja la springi lilikuwa limekatika. Nilikwenda hadi nyumba za karibu, nikasalimia, nikakaa kwenye kigoda nilichopewa, nikaeleza tumetoka wapi. Sikuuliza kama kuna gereji, kwa kuwa jibu nilikuwa ninaliona. Niliuliza gari la mwisho kuharibika pale lilitengenezwa na nani. Wote wakaelekeza kidole kwa kijana mmoja, fundi baiskeli.

Natamani mngeyaona yale yaliyofuata. Fundi wa dizeli mwenye miaka arobaini kazini na fundi baiskeli mwenye umri wa miaka ishirini na kitu, hawana lugha moja, wamelala chali chini ya gari wakinong'onezana kwa spana. Kijana alikata gogo la mti mgumu urefu wa kiganja, akalichonga kwa shoka dogo hadi likapata mgongo wa kukaa juu ya ekseli, akalikaza kati ya ekseli na chasisi ili gari lisilalie springi. Kisha zile tyubu nilizozicheka zikatolewa. Walizizungusha kwenye majani ya springi, mmoja akivuta kwa uzito wake wote na mguu ukiwa umekanyaga tairi, mwingine akishika mwisho wa mpira kwa koleo, safu juu ya safu, hadi springi ikawa imefungwa kama mguu uliovunjika. Tulikwenda nayo kilomita zaidi ya mia hadi Mpika, polepole, ikashika. Kijana alikataa kutaja bei. Alisema tumpe tunachoona. Baba Zaituni alimpa fedha, halafu akafungua sanduku lake na kumpa spana ya namba kumi na nne, ambayo mimi, mke wake, sijawahi kuruhusiwa kuigusa.

Kutoka Mpika kwenda Serenje unapita katika miombo saa baada ya saa. Wanafunzi wangu wanajua kwamba wataalamu wa misitu duniani wameliazima neno hilo kutoka katika lugha zetu na kulifanya jina la msitu wote huu, kuanzia Angola hadi kwetu. Novemba ni mwezi wa neema katika msitu huo. Wanawake na watoto husimama barabarani na uyoga mmoja mmoja mkubwa kama ungo, wa ule unaoota juu ya vichuguu, na mabeseni ya viwavi vilivyokaushwa ambavyo Wabemba huviita *ifishimu*. Baba Zaituni alivila na kuomba tena. Mimi nilikula uyoga, ambao kwa nyanya na chumvi tu una utamu wa nyama. Juu ya miti niliona mizinga ya nyuki iliyotengenezwa kwa gome zima lililobanduliwa mtini kama mkono wa shati. Nikaomba tusimame. Nilikumbuka kwamba mwili wa Livingstone, baada ya kutiwa chumvi na kukaushwa juani kwa wiki mbili, ulifungwa ndani ya gome la namna hiyo hiyo, lililobanduliwa zima. Kwa miaka ishirini na sita nilisoma sentensi hiyo darasani bila kuwa na picha yake kichwani.

Kutoka Serenje tulishika barabara ya Mansa, tukapita hifadhi ndogo ya Kasanka, ambako mwezi huo popo kwa mamilioni hukusanyika katika kijisitu kimoja chenye majimaji na kuruka wote jioni. Ilitosha kuwaona kwa mbali, kama moshi unaotembea. Kisha tukaiacha lami na kuingia njia ya udongo iendayo kwenye kumbukumbu.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Katika nyumba za kwanza tulizima gari, tukasalimia, nikauliza swali langu. Gari la mwisho lilikuwa limepita Jumanne. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Baba Zaituni alisema kwamba kama limepita Jumanne, nasi tutapita. Mzee wa nyumba ile aliuliza, kwa Kiingereza cha migodini, kama tunajua kwamba mvua imenyesha Jumatano na Alhamisi. Mbele kulikuwa na *dambo*, ndivyo wanavyoliita bonde la majani lisilo na miti ambalo mvua zikianza hugeuka kinamasi. Tukabishana, mimi na mume wangu, kwa sauti ya chini kama wanavyobishana watu wa umri wetu mbele za watu. Sitasema nani alishinda. Nitasema tu kwamba tulikwenda, na kwamba saa moja baadaye tope jeusi lilikuwa limefika kwenye ngazi za milango, na yule mzee akaja kwa miguu na wajukuu wake saba, bila kuitwa, wakiwa wamebeba matawi. Hakutucheka. Alisema alihesabu muda wetu wa kufika pale, na alipoona hakuna gari lililopanda upande wa pili akajua.

Tulipotolewa jua lilikuwa linazama, tukalala kwake. Usiku, tukiwa tunakula *ubwali*, ambao ni ugali wetu, aliniuliza kama tumekuja kumwangalia Mzungu. Nilimjibu kwamba tunatoka katika mji wa pwani ambako mwili wake ulifikishwa, na tumekuja kuona mahali waliombeba walipoanzia. Alinitazama kwa muda, kisha akaingia ndani na kutoka na ndugu zake wawili, wakakaa, akaniambia nirudie.

Nikawasimulia kile ambacho Susi na Chuma wenyewe walikisimulia baadaye. Bwana wao alipofariki waliogopa. Kifo cha mgeni katika nchi ya watu kingeweza kuwatoza faini kubwa au kuwaletea balaa, kwa hiyo wakakubaliana kumficha Chifu Chitambo. Wakamwomba tu ruhusa ya kujenga nje ya kijiji kwa sababu mgonjwa wao anasumbuliwa. Habari ikavuja. Chitambo akamwita Chuma na kumuuliza kwa nini hawakumwambia kweli. Alimwambia wasiogope tena, kwa maana yeye pia ni mtu aliyesafiri, na zaidi ya mara moja alikwisha kufika Pwani, kabla njia hazijaharibiwa na vita vya Mazitu, yaani Wangoni. Kisha akaja na watu wake, ngoma zikapigwa, wakaomboleza.

Nimeifikiria sana sentensi hiyo ya chifu. Waliokuwa wakimficha walimdhania kuwa mtu wa kijijini asiyejua mambo ya safari, na kumbe alikuwa amefika hapa kwetu, pengine amelala katika mji huu. Walikuwa wameuliza njia na gari likiunguruma, kama ningeweza kusema hivyo. Na mbele ya safari hawakupata tena mtu wa namna yake. Katika kijiji kimoja walichokatazwa kuingia kulitokea mapigano na damu ikamwagika, hawakuwa malaika. Unyanyembe, Luteni Cameron wa Uingereza aliwashauri wamzike pale pale, wakakataa. Baada ya hapo, watu wa njiani walipogoma maiti isipite, waliufunga mwili upya ukafanana na robota la nguo, wakatengeneza mzigo wa uongo na kuurudisha nyuma kana kwamba wanakwenda kuzika. Siwahukumu. Kuna mambo ambayo hata ukizima injini na kupiga magoti huwezi kuyaombea ruhusa, na maiti ya mgeni ilikuwa mojawapo.

Asubuhi mzee alitupeleka mwenyewe. Kumbukumbu ni mnara wenye msalaba juu, ndani ya uwanja uliofagiliwa, miti imeuzunguka, kimya sana. Chini yake ulizikwa moyo. Zamani palikuwa na mti wa *mupundu*, ambao Jacob Wainwright, mmoja wa wabebaji aliyejua kusoma na kuandika, alichonga juu yake jina la marehemu na, jambo ambalo vitabu vya shule huliruka, majina ya watu wao watatu: Yazuza, Mniasere, Uchopere. Mti ulioza ukakatwa mwaka 1899, na kipande chenye maandishi kikapelekwa London. Kwa hiyo majina hayo hayapo tena pale. Nilikuwa nimeyaandika katika daftari, nikamsomea mzee. Aliyarudia moja baada ya jingine, akaniuliza "Uchopere" ni wa kabila gani. Nikamwambia sijui. Akasema basi nirudi nitakapojua.

Tulirudi kwa njia ile ile, springi mpya ikiwa imefungwa Mpika. Waliofika Februari ile ya 1874 walilipwa ujira wao na kutawanyika. Mwili ukazikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili, na katika meli iliyoupeleka, Susi na Chuma hawakuwemo. Hilo nimelifundisha mara nyingi, na sitalirudia zaidi leo.

Inshallah Juni, mvua zikikatika, tunataka kufuata sehemu ya njia yao halisi: kutoka Tunduma hadi Sumbawanga, kupitia Ufipa, kisha Ukonongo hadi Tabora. Baba Zaituni amekwisha kuanza kuchana tyubu. Lami siku hizi imefika mbali huko magharibi, lakini mimi nataka tushuke bonde la Ziwa Rukwa kwa ile barabara ya Ntendo kwenda Muze, ambayo nimesikia ina kona na mteremko wa kutisha. Kabla hatujaingia kwenye maswali yenu, naomba niulize langu, na ndiyo maana nimesalimia kwa kirefu: yupo hapa mwenye ndugu Muze au Ilemba? Gari la mwisho limepita lini, na lilikuwa gari gani?